Mgeni Asiyekula

Siku ile ya kwanza, kabla hata sijazima gari, nilimwona binamu yangu Makana akizoa ndara mlangoni. Alikuwa ameinama na tenga la nguo, anazitupia humo haraka haraka: zake, za mumewe, zangu, na zile ndogo za mtoto ambazo mtoto mwenyewe hajaanza hata kuzivaa. Akabakiza jozi moja tu, ya Tutu, bibi yetu, akaipanga katikati ya kizingiti, kisha akatokomea nyuma ya nyumba.

Nikamtupia mgeni wangu jicho la pembeni. Alikuwa anafunga kamba ya kofia yake chini ya kidevu. Sikujua kama ameona.

Kwetu Ho'olehua hakuna aingiaye ndani na viatu. Ukipita barabarani ukatazama mlango wa mtu, unajua nani yupo, nani kaja, nani hajarudi tangu jana. Kwa hiyo mtu akitaka kudanganya kuhusu nyumba yake, huanza na ndara.

Mgeni aliitwa Tirtza. Alikuwa mtafiti, ametoka kijiji cha ushirika katika jangwa la Arava, kusini kabisa mwa Israeli, na kazi iliyomleta kisiwani Moloka'i ilikuwa kulinganisha maisha: watu wa kwao na sisi Wahawaii wa mashamba ya kukodishwa, nani ana hali nzuri, na kwa nini. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo Honolulu, nimerudi nyumbani, sina kazi. Walimu wangu wakampa jina langu. Nikawa dereva wake na mtu wa kumtambulisha, mimi ambaye dukani huwa nasubiri wote wamalize ndipo niseme ninachotaka.

Kwenye maelezo yake tulifanana sana. Wao ardhi si yao, wameikodisha kwa serikali, na sisi vilevile. Wao walipewa jangwa, sisi tukapewa udongo mwekundu na upepo. Nilipoyasoma nilifurahi. Sikufikiria swali lake la kwanza kabisa lingekuwa lipi.

"Mnaishi wangapi hapa?" alimwuliza Tutu Kapeka tulipokwisha kuketi.

"Mimi," alisema Tutu.

"Peke yako?"

"Na Mungu."

Mjomba Lopaka, kaka yake mama yangu, alikuwa amesimama mlangoni na mikono kifuani. Yeye alijitambulisha kuwa jirani aliyepita tu. Amelala chumba cha mashariki cha nyumba ile tangu azaliwe.

Tutu hakuwa mwongo. Ila shamba lile liko kwa jina lake, na sheria ya ofisi ya ardhi inataka nyumba moja, ile iliyoruhusiwa. Nyuma, karibu na uzio, kuna kibanda ambacho hakipo kwenye mchoro wowote. Makana na mumewe walikijenga kodi ya nyumba kisiwani Maui ilipowashinda, na ndani yake akazaliwa mtoto wao, Hali'a. Mumewe bado anafanya kazi hotelini kule, anakuja siku za mapumziko. Mwaka jana kina Nae'ole, majirani wa juu, nao walikuwa na kibanda. Akaja mama mmoja wa ofisi, mpole, ana tabasamu. Wakamwekea samaki, akasema asante, hapana. Wakampa juisi, hapana. Hata maji hakunywa, maana watu wa ofisi hawaruhusiwi kupokea kitu cha mtu. Mvua za msimu uliofuata zilikuta kibanda kimevunjwa na kijana wa Nae'ole amehamia Las Vegas na wanawe wote. Tangu hapo barabara yetu ina kipimo kimoja: mgeni asiyekula ni ofisi.

Tutu aliinuka, akarudi na sahani ya nguruwe wa kufukiwa shimoni na mawe ya moto, anatoa moshi bado, na kilima cha wali.

"Kula, mwanangu. Umetoka mbali."

"Ahsante sana," alisema Tirtza. "Nimeshiba."

"Kidogo tu."

"Kweli, nimeshiba." Akafungua mkoba wake, akatoa chupa yake mwenyewe ya maji, akanywa.

Sikuinua macho. Nilimsikia Mjomba akivuta pumzi kwa pua, taratibu, kama afanyavyo mawindoni anapomwona kulungu.

Jioni, nilipomrudisha Tirtza kwenye nyumba ya wageni mjini Kaunakakai na kurejea, walikuwa wananisubiri jikoni. Ndara zilikuwa zimerudi mlangoni.

"Karibu, profesa," alisema Mjomba. "Umetuletea ofisi mpaka sebuleni. Tena umeipakia mwenyewe, umeifungia mkanda."

"Si ofisi, Mjomba. Ni mtafiti. Katoka Israeli."

"Israeli wana maji?"

"Wana... hawana sana."

"Basi kaacha kuangalia maji ya kwao, kapanda ndege siku nzima, aje amhesabu mama yangu? We mtoto, chuoni walikufundisha kuamini kila kitu au somo hilo ulilichagua?"

"Lopaka," alisema Tutu.

"Hapana, mama, mwache anijibu. Alikula?"

Nilizitazama ndara pale mlangoni.

"Alikunywa hata maji yetu?"

Makana alikuwa amempakata Hali'a, anamkung'uta mgongo ingawa mtoto alikwisha kulala. Hakunilaumu. Ningeona afadhali anilaumu.

Nilizunguka na Tirtza wiki nzima. Kila nyumba tuliyofika, mlangoni palikuwa na jozi moja ya ndara, imepangwa vizuri mno. Kwa mzee Kalani, baba wa watoto wengi hata majina yao huyabahatisha, tulikuta jozi moja. Alisema anaishi na mbwa. Ndani ya nyumba chungu kikubwa kama beseni kilikuwa kinachemka.

Na kila nyumba ilimwekea chakula, na kila mahali alikataa. "Nimeshiba." "Nimekula njiani." Njiani hatukusimama kula popote. Nilimwona siku moja, nilipokuwa naweka mafuta, akitafuna mkate mkavu garini, ameinama ili asionekane.

Basi nami nikaanza. Shaka ni kama chawa, hukaa kichwa kimoja kwa muda mfupi tu. Nikaanza kutazama mikono yake anapoandika. Nikaanza kujiuliza kwa nini kila asubuhi, nikimshusha tu, hutembea kwanza kandokando ya nyuzio za watu. Alhamisi nilifika nyumbani mchana nikamkuta nyuma ya shamba la Tutu, hatua chache kutoka kibandani. Amepiga goti kwenye matuta ya viazi, simu mkononi, anapiga picha. Nepi za Hali'a zilikuwa zinapepea kwenye kamba juu ya kichwa chake.

"Kealohi!" aliita kwa furaha. "Nimekuja kwa miguu kutoka kwa mzee Kalani."

"Sawa," nilisema.

Ningemwuliza, "Unapiga picha gani?" Ni swali dogo tu. Lakini mimi maneno hunijia baada ya mtu kuondoka.

Garini siku hiyo, tulipofika kwenye minazi nje ya mji, alisema, "Nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Kwa majibu niliyopewa, kila mtu wa barabara yenu anaishi peke yake. Nyumba nzima, shamba zima, mtu mmoja. Nikigawanya hivyo, nyinyi ni matajiri kuliko kijiji changu. Mnakaribia kuwa matajiri kuliko Tel Aviv." Hakucheka. "Na takwimu za serikali zinasema nyinyi ni maskini kuliko wote kisiwani, chakula hakiwatoshi. Moja kati ya hizo ni uongo. Au mtu anatangulia mbele yangu anawaambia la kusema."

Nilishika usukani.

"Ni wewe?"

"Hapana," nilisema. Hata masikioni mwangu mwenyewe ilisikika kama ndiyo.

Tatizo likawa Jumamosi. Hali'a alikuwa anatimiza mwaka, na kwetu karamu ya mwaka wa kwanza haifanywi kimyakimya. Zamani watoto wengi hawakuufikia, kwa hiyo anayeufikia huonyeshwa kwa watu wote. Mjomba alitaka tukaifanyie ufukweni, mbali na nyumba.

"Mtoto wa nyumba hii anafanyiwa nyumbani," alisema Tutu.

"Mama, kuna mtu anapiga picha nepi zake!"

Nilikuwa nimewaambia. Sikuweza kukaa nalo.

Mjomba alizunguka meza, akasimama nyuma ya kiti cha Makana. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Basi tumwalike. Aje aone, nasi tumwone. Akila, ni mtu kama watu. Asipokula, nakivunja kile kibanda Jumapili asubuhi kwa mikono yangu, na Makana anapanda ndege kwenda kwa wakweze Las Vegas kabla barua ya ofisi haijafika. Heri tupoteze kibanda kuliko shamba. Mama ana miaka themanini. Wakimnyang'anya shamba hili ataenda wapi?"

Nilitegemea Makana angepinga. Alisema tu, "Nishafunga begi, Mjomba." Akamfuta mtoto mate kwa kidole.

Jumamosi watu walianza kuja shimo la nguruwe halijafunuliwa. Hakuna aliyeficha ndara siku hiyo, isingewezekana. Zilifunika ngazi, zikashuka uani, zikafika hadi kwenye tairi za pikapu ya Mjomba: nyeusi, za buluu, zilizotafunwa na mbwa, moja imefungwa kwa waya. Makana alikuwa amemvika Hali'a taji la maua, naye alikuwa analila.

Tirtza alikuja na boksi la tende za kijijini kwao. Alipofika penye ngazi alisimama. Akazitazama zile ndara kwa muda mrefu. Nilikuwa kibarazani, nikaona midomo yake ikichezacheza, nikajua anahesabu. Kisha akainama, akavua viatu vyake vya ngozi vya kamba, akaviweka katikati ya lundo.

Mjomba hakungoja hata aketi. Alikuja na sahani ameibeba kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka sadaka, nguruwe juu yake anang'aa kwa mafuta. Alipopita, maongezi yalikufa meza moja baada ya nyingine. Barabara nzima ilijua kipimo.

"Mgeni wetu," alisema. "Leo ni siku ya mtoto. Kula."

Tirtza aliitazama sahani. Akatutazama sisi. Nadhani ndipo alipotambua kwamba hakuna anayezungumza.

"Ahsante," alisema polepole. "Siwezi. Nime..."

"Umeshiba," alimalizia Mjomba. Akaiweka sahani chini kwa upole uliotisha. "Makana. Kalete begi lako, mwanangu."

Makana akanyanyuka. Hali'a alimning'inia shingoni, jani la taji limo mdomoni, akinitazama mimi kwa macho yale makubwa yasiyo na habari. Na mimi, kwa sababu sikuweza kuyatazama, nikafumbua mdomo.

"Kwa nini huli?"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Kwetu mgeni haulizwi hivyo. Unamwekea, anakula, basi. Wiki nzima kila mtu alijiuliza swali hilo, na hakuna aliyemwuliza mwenyewe.

Tirtza alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Nguruwe... mama yangu alipika miaka yote kwenye ukumbi wa chakula wa kijiji. Tulikuwa tunakula wote pale, kijiji kizima. Hakumpika nguruwe hata mara moja. Mimi sisali. Nilipokuwa kijana nilimla, makusudi, kumwudhi. Alipofariki nikashindwa. Kila nikitia mdomoni namwona."

"Na samaki je?" aliuliza mzee Kalani kutoka nyuma. "Mama yako alimkataza na samaki? Kwangu uliwekewa samaki!"

"Na wali wangu!" alidakia mwingine.

"Hapana." Alishusha macho. "Hayo mengine... Nilisoma kabla sijaja. Imeandikwa kwamba nyumba nyingi hapa chakula hakitoshi mwisho wa mwezi. Kisha nakuja, mzee anayeishi peke yake ananiwekea chakula cha siku yake nzima. Niliona haya. Nikawa nabeba mkate wangu."

Mjomba Lopaka akasema, kwa sauti ya mtu aliyepigwa kofi, "Hakitoshi?"

"Imeandikwa..."

"Hakitoshi, sisi? Mimi?" Alijipiga kifua. "Mama, umesikia? Huyu ametuonea huruma! Njoo. Njoo hapa!"

Alimvuta mkono mpaka kibarazani penye friza kubwa, lile refu kama jeneza, akalifunua kwa kishindo. Mvuke wa baridi ukawafunika wote wawili. Mjomba akaanza kutoa vifurushi na kuvitupa juu ya meza, anafoka.

"Kulungu! Nimempiga mwenyewe. Hii miguu ni fungu la mzee Kalani, ana watu kumi na moja ndani, wanakula kama moto! Hii ya kina Nae'ole waliobaki. Samaki hawa ni wa mama. Hii supu ya Kealohi, huyu mwembamba, hali akiwa na mawazo. Na hili lote huku, unaona? Hili lote ni la Makana na mumewe na mtoto wao, wapo pale nyuma kwenye kibanda, hawajalala njaa hata siku mo..."

Alikoma.

Kifurushi kilikuwa bado mkononi mwake, kinachuruzika. Wiki nzima tulificha ndara, tukafunga begi la mtoto, na mwenye siri ameitangaza mwenyewe, mbele ya mgeni mwenyewe, kwa kuwa ameitwa fukara. Hata mimi, kwa hofu yote niliyokuwa nayo, nilimwonea huruma.

"Hongera, profesa," alinong'ona Makana karibu na sikio langu. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka.

Tutu ndiye aliyesogea. Alikwenda kwenye meza kuu, penye bakuli la mbao la poi, akaondoa kifuniko.

Poi ni uji mzito wa magimbi, na gimbi kwetu, kwa hadithi za wazee, ndiye kaka mkubwa wa watu wa visiwa hivi. Bakuli lake likiwa wazi, mtu hagombani, hatishi, hadai. Kaka mkubwa anasikiliza. Mjomba akarudisha kifurushi ndani ya friza, akalifunga taratibu kabisa.

"Hili mama yako angelikataa?" Tutu alimwuliza Tirtza.

"Hapana, Tutu. Hili ni mmea."

"Basi."

Tirtza alichovya vidole viwili katika bakuli lilelile tunalochovya sote, akavitia mdomoni. Akafanya uso ambao wageni wote hufanya. Mzee Kalani akacheka kwa sauti, "Ofisi gani hiyo inakunja uso namna hii!" na watu wakaanza kusogea mezani.

Lakini Mjomba alikuwa bado. Alikuja akaketi mbele yake, akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu ya bakuli, "Picha za nyuma je?"

Tirtza akampa simu. Nilichungulia juu ya bega la Mjomba. Hapakuwa na nepi wala kibanda. Palikuwa na mabomba: yale mabomba meusi membamba ya kumwagilia tone kwa tone, picha nyingi za sehemu moja, pale bomba moja lilipotoboka na Mjomba akalifunga kwa uzi wa kuvulia.

"Nimekulia katikati ya mabomba haya," alisema Tirtza. "Kwetu likitoboka tunalitupa. Sijapata kuona mtu amelishona." Akasita. "Kwetu kwa hesabu tumeendelea sana. Ukumbi aliokuwa anapika mama umekodishwa, watu wanafanyia harusi. Kila mtu anakula kwake."

Mjomba alirudia picha zote tangu mwanzo, moja moja, kisha akarudia tena. Akarudisha simu.

"Na lile swali lako la kwanza?" aliuliza Tutu. "Tunaishi wangapi. Utaandika nini?"

Tirtza alifikiri. "Mama yangu hakuwahi kuhesabu watoto wake kwa sauti. Akiulizwa alikuwa anasema: si mmoja, si wawili, si watatu... hivyo hivyo mpaka mtu achoke. Ili jicho baya lisiwaone." Alimtazama Hali'a, akageuza uso haraka. "Nitaandika kwamba barabara hii sikuweza kuihesabu. Kisha nitaeleza habari ya friza, bila majina."

"Mabosi wako watakubali?"

"Watanuna."

Mjomba akasukuma mbele yake sahani ya samaki. Alikula. Alikula mpaka Tutu akamwambia apumue.

Jioni alipotaka kuondoka, viatu vyake havikuonekana. Mtu alikuwa amevivaa kwa makosa, kama inavyotokea kila karamu. Alitafuta kidogo, kisha akachukua ndara mbili zisizolingana, moja ya buluu na ile yenye waya, akaingia garini nazo. Viatu vyake vilirudishwa Jumanne, mwenyewe amekwisha kurudi kwao, na mke wa mzee Kalani, akilalamika kwamba vinabana.

Jumapili asubuhi Mjomba hakushika nyundo. Lakini pia hakusema begi la Makana lifunguliwe, nalo lilikaa nyuma ya mlango wa kibanda, limefungwa. Kila gari jeupe, kama la ofisi, lilipopanda barabara, Mjomba alisimama uani mpaka lipite. Mvua zilikuja. Barua haikuja. Siku moja nilikwenda kumchukua Hali'a nikakuta begi liko wazi, yeye ameketi ndani yake, anatafuna zipu, na nguo zake zote ziko kwenye kamba.

Viatu vya Tirtza bado viko mlangoni, katikati ya vyetu. Nilitaka kuvituma kwa posta, Tutu akakataa. Nikafikiri ni kwa upendo, nikamwambia hivyo.

"Upendo upo," alisema Tutu. "Lakini pia ofisi ikija kweli, nitawaambia naishi na mgeni kutoka Israeli. Wahangaike na hilo kwanza."